Mama Gundi Haendi Popote

Ijumaa ya tarehe 28 Juni, saa kumi na moja jioni, Mama Gundi atavua aproni yake, ataitundika kwenye msumari ulio nyuma ya mlango wa karakana ya majalada, na atakuwa amestaafu. Ameitumikia maktaba yetu kwa miaka thelathini na tatu. Sidhani kama kuna riwaya yenye wasomaji katika jengo hili ambayo haijapita mikononi mwake kuungwa mgongo, kurudishiwa ukurasa uliochomoka au kuvishwa jalada jipya.

Kamati ya Kuaga Wastaafu, ambayo mimi wa dawati la kuazimisha ndiye katibu wake, imeniomba niandike wasifu wake kwa jarida hili la wafanyakazi, uwe "mfupi na wa kuchangamsha". Nitajaribu yote mawili, maana mwenyewe ni mtu wa vicheko na hapendi kuandikwa kama marehemu. Lakini kuna jambo ambalo siwezi kulipita kimya. Msomaji atalikuta mahali pake.

Mama Gundi alivuka mpaka akiwa na miaka ishirini na saba, yeye na mumewe fundi pampu, na mtoto wa kike mgongoni. Kwao mwaka ule palikuwa hapakaliki. Walipanga chumba nyuma ya kinyozi, mtaa wa pili kutoka hapa, na katika nyumba hiyo hiyo, ambayo baadaye waliinunua kidogo kidogo, anaishi hadi leo.

Kazi aliipata kwa sababu ya bomba. Bomba la juu lilipasuka usiku, na asubuhi rafu zote za hadithi zilikuwa zinachuruzika maji. Wakatafutwa vibarua wa kubeba vitabu kwenda jalalani. Mama Gundi alibeba mzigo wa kwanza mpaka mlangoni, akautua chini na kukataa kuendelea. "Mnatupa nini?" aliuliza. "Kitabu kikilowa hakijafa. Kina mafua tu." Dada yake mkubwa alikuwa amefanya kazi kiwandani walikotengeneza madaftari, naye alikuwa amejifunza kwa kumtazama. Aliomba magazeti ya zamani, feni na kamba za kuanikia nguo. Kibarua kilikuwa cha wiki moja. Hiyo wiki moja ndiyo inayokwisha Ijumaa hii.

Jina alipewa na mlinzi wa getini, kwa madai kwamba ukimpa mkono asubuhi huupati tena mpaka saa ya chai. Na kweli, mikono yake imenata gundi siku zote, na maneno yake hayakwishi. Si mtu mpole. Amegombana na karibu kila mmoja wetu, mara nyingi kuhusu dirisha la karakana kufungwa au kufunguliwa, na mara zote amekuwa wa kwanza kuleta karanga za kusuluhisha.

Wala si kwamba hakosei. Wale wa zamani wanaikumbuka ripoti ya mwaka. Ilipelekwa karakana ijalidiwe siku ile ile iliyoletwa riwaya ya mapenzi iliyochakaa. Gundi ilikuwa inawahi kukauka, na Mama Gundi alikuwa anasimulia kisa fulani cha jirani yake. Ripoti ikavishwa jalada la wapendanao waliokumbatiana chini ya mwezi, na Mkuu wa Maktaba wa wakati ule akaibeba mpaka kwenye kikao cha bodi bila kuitazama. Mama Gundi alipoitwa kujieleza, alisema, "Mzee, ripoti zako hazisomwi. Hii angalau wameifungua." Mkuu alicheka mpaka akavua miwani, na barua ya onyo haikuandikwa.

Jambo kubwa alilolifanya hapa, kwa maoni yangu, ni la tepe. Wafanyakazi wapya hawalijui, kwa hiyo nalieleza. Zamani kila riwaya ilibandikwa utepe mgongoni. Za waandishi wa hapa zilipewa utepe wa kijani na kukaa ukumbini. Za waandishi waliohamia kutoka kwingine zilipewa utepe wa njano na kuwekwa kwenye rafu ya korido ya choo, chini ya kibao kilichoandikwa "Fasihi ya Wageni". Siku moja Mama Gundi aliletewa riwaya ya kijana aliyezaliwa katika hospitali yetu, akasoma shule zetu, na ambaye mama yake alikuwa anauza viatu mkabala na maktaba hii. Ilikuwa na utepe wa njano. Aliuliza sababu. Akajibiwa kuwa babu yake kijana huyo alitoka nchi nyingine.

"Basi na babu abandikwe," alisema. "Huyu mtoto utepe wa nini?"

Kuanzia siku hiyo, kila riwaya iliyopita karakana, ya kijani au ya njano, ilitoka na mgongo wa kahawia mtupu. Hakutangaza wala hakuomba kibali. Na kwa kuwa hatimaye kila kitabu kinachosomwa huchakaa, baada ya miaka michache rangi zilikwisha, na mimi na mwenzangu wa dawati tukawa hatuna njia nyingine ila kupanga riwaya kwa majina ya waandishi. Zile zilizokuwa za korido ya choo zikaanza kuazimwa, kwani hapo awali watu walikuwa wanapita pale kwa haraka zao na si kwa ajili ya kusoma. Kibao chenyewe anacho mpaka leo karakana. Amekitia miguu, na anakikanyaga akitaka kufikia kabati la juu.

Kisha kuna Baraza la Jumamosi, alilolianzisha na kinyozi wake, seremala wa mtaa wa chini, na mwalimu mmoja mstaafu wa hesabu. Wanasoma riwaya moja kwa mwezi na kuigombania. Wanapenda hasa zile za watu waliohama, na Mama Gundi ndiye mkosoaji wao mkali. Anachokichukia ni mwisho. Ametuonyesha, riwaya baada ya riwaya, kwamba mhamiaji wa kwenye vitabu ana mambo mawili tu ya kufanya ukurasa wa mwisho: afe, au apande ndege kurudi kwao na kubusu udongo.

Nina maneno yake ya tarehe 10 Februari, kwa sababu niliyaandika jioni ile nilipofika nyumbani. Walikuwa wamemaliza riwaya ya mwanamume aliyeishi ughaibuni miaka ishirini, akaoa, akapata watoto, halafu sura ya mwisho akarudi kijijini kwao peke yake na mkoba mmoja. Mwalimu wa hesabu alisema mwisho huo umemliza. Mama Gundi akamwambia, "Mwalimu, futa machozi tuulizane. Mke yuko wapi? Watoto wamehamishwa shule lini? Funguo za nyumba kamwachia nani? Aliyechoka hapa si mhusika, ni mwandishi. Ameshindwa kumtafutia pa kukaa, akamkatia tiketi."

Kinyozi alimchokoza. Alimwambia kwamba hata yeye mwenyewe, akitaka kusema kweli, yuko katikati ya daraja, mguu mmoja huku na mmoja kule, kama vitabu vinavyosema.

"Katikati ya daraja nimekaa lini mimi?" alijibu. "Mimi nakaa nyuma ya duka lako, na nywele zako unazofagia zinaingia uani kwangu."

Nayataja haya ili ieleweke ninachokwenda kusema.

Katika maktaba yetu kuna desturi ambayo sijaisikia mahali pengine. Mstaafu hapewi saa wala blanketi. Anatengenezewa kiti cha mbao chenye mikono, jina lake la utani linachongwa mgongoni, na kiti hicho hakiendi nyumbani. Kinakaa chumba cha kusomea. Mtu yeyote anaweza kukikalia, lakini siku mwenyewe akiingia, aliyekikalia anainuka bila kuambiwa. Vipo viti kumi na kimoja. Babu Kufuli, mlinzi wa zamani, bado anakuja kila Jumanne kusinzia kwenye chake, na wanafunzi wa chuo wanampisha kama mfalme. Maana ya kiti inajulikana: kazi imekwisha, mahali pako hapajakwisha.

Tarehe 14 Mei kamati ilikaa kupanga kumuaga Mama Gundi. Mwenyekiti, ambaye ni mhasibu wetu, alisema kuwa kwa huyu amefikiria kitu tofauti kidogo. Si kiti. Sanduku la safari, kubwa, la magurudumu. "Si atakwenda kwao kupumzika?" alisema. "Kiti atakikalia nani?"

Niliuliza ni nani aliyemuuliza mwenyewe kama anakwenda. Hakuna aliyemuuliza. Nikauliza kama Babu Kufuli aliulizwa anakwenda wapi kabla ya kutengenezewa kiti. Nikaambiwa nisikuze mambo. Nilipinga, na aliyeniunga mkono ni mama wa usafi peke yake. Tukashindwa kwa kura, na hilo pia nililiandika kwenye kumbukumbu za kikao, kwa sababu ndiyo kazi niliyopewa.

Napenda wenzangu wapime uzito wa jambo hili. Hakuna aliyemtukana, na kila mtu alikuwa anatabasamu. Mama aliyefanya kazi hapa miaka mingi kuliko sisi wote tuliokaa katika kile kikao, ambaye mume wake amezikwa makaburi ya mji huu, ambaye binti yake ndiye muuguzi anayewapokea watoto wetu wodi ya wazazi, tulimwekea mezani mwisho ule ule alioupigia kelele kila Jumamosi. Tulishindwa kumtafutia pa kukaa, tukamkatia tiketi. Baada ya yeye kuziondoa rangi zote kwenye rafu zetu, sisi tulikwenda kutafuta kipande kimoja cha utepe wa njano, tukambandika yeye.

Na kuhusu huko "kwao": alikwenda miaka saba iliyopita, kumzika mama yake. Aliporudi alitusimulia jinsi binamu zake walivyomtolea vikombe vya wageni, vile vya kabatini, na kumkatalia asikoshe vyombo. "Nilijua hapo hapo," alisema. "Mtu wa nyumbani hunywea kikombe kilichovunjika mkono." Cha kwake, kilichovunjika mkono, kiko karakana, juu ya kibao cha Fasihi ya Wageni.

Sanduku lilinunuliwa mwanzoni mwa mwezi huu. Likahitaji kufichwa, na chumba pekee chenye kufuli la kuaminika ni karakana ya majalada. Dereva akaliacha huko wakati Mama Gundi yuko chai, akaondoka bila kusema neno. Wanaotujua wataelewa kilichofuata. Watu wamezoea kumwachia vitu mlangoni: miavuli, viatu, redio ya mlinzi, stuli ya jikoni. Kinachoachwa karakana kimeletwa kutengenezwa. Aliliona sanduku, akajaribu mpini, akaukuta unacheza. Akautia misumari ya ribiti. Akapaka magurudumu mafuta. Alhamisi tarehe 6 Juni alikuja mpaka dirisha la chumba cha madereva, akaita, "Nani mwenye sanduku? Aje alichukue, limepona!" Dereva akainamisha kichwa.

Akarudi ndani kuangalia kama bitana nayo inahitaji gundi. Alipolifungua alikuta kadi. Ilikuwa imeandikwa: "Kwa Mama Gundi wetu. Safari njema ya kurudi nyumbani. Hutasahaulika."

Alikuja nayo kwenye dawati langu. Walikuwepo wasomaji wawili na mlinzi. Hakulia, na nadhani angelia ningejisikia nafuu.

"Wewe unayeandika kila kitu," aliniambia, "hebu nisomee hapa. Wameandika nyumbani. Nyumbani wapi? Maana mimi nyumbani naenda kila siku saa kumi na moja, kwa miguu, na sijawahi kuhitaji sanduku."

Mhasibu aliitwa, akaja mbio. Huyu alikuwa anakuja hapa tangu akivaa kaptula za shule, na vitabu vyake vya kiada vilishonwa na Mama Gundi huyu huyu, ambaye mpaka leo anamwita mwanangu.

"Mama, usichukie," alisema. "Tulikuwa na nia njema. Kila mtu ana kwao. Hata wahenga walisema, mkataa kwao mtumwa."

"Mwanangu, sijakataa kwetu. Kwetu ndiko huku mnakonikataza."

"Hatukukatazi, Mama. Ni zawadi tu."

"Ya magurudumu. Mmeona nisichoke njiani." Mlinzi alicheka, kisha akajutia. Mama Gundi aliendelea, "Na wewe unayewajua wahenga, mbona umechagua? Si ndio hao hao waliosema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe? Jembe mlinipa. Nimelima. Leo mavuno yanaiva, ndiyo mnanikumbusha siku ya kwanza?"

Mama Gundi aliirudisha kadi ndani ya sanduku, akalifunga, akalisukuma mpaka karakana. Lilikwenda bila kelele hata kidogo. Alikuwa amelitengeneza vizuri.

Kesho yake nilikwenda kwa Mkuu wa Maktaba kuomba uamuzi ubadilishwe. Alinisikiliza kwa adabu. Alisema uamuzi wa kamati umeshapita, na zaidi ya hapo chumba cha kusomea kimejaa, hakuna pa kuweka kiti kingine. Nilitoka nikaenda kupaangalia. Kati ya kiti cha Babu Kufuli na dirisha kuna nafasi nzuri, yenye mwanga. Imekaliwa na mashine ya fotokopi iliyokufa kabla baadhi ya wafanyakazi wetu hawajaajiriwa. Mashine mbovu ina mahali pake. Hakuna aliyewahi kuiuliza kwao ni wapi.

Sasa naomba niseme yatakayotokea Ijumaa, ili mtu asije akadai kuwa alishtukizwa.

Baraza la Jumamosi limesikia. Seremala hakutaka maelezo mengi. Alianza kupiga randa jioni ile ile. Alipomuuliza Mama Gundi achonge nini mgongoni, alijibiwa, "Jina langu la hapa. Usiongeze kitu." Kiti kimekamilika na kipo katika banda lake, kimefunikwa gunia. Kinyozi atafunga duka saa nane ili awahi kusaidia kubeba.

Sherehe itaanza saa tisa. Kutakuwa na hotuba ya Mkuu, kisha ya mhasibu, ambaye kwa hiari yake ameniletea hotuba mpya na kuniomba niichome ile ya kwanza. Nimefanya hivyo, na nampongeza. Sanduku litakabidhiwa kama ilivyopangwa, na Mama Gundi amesema atalipokea kwa mikono miwili. Amekwisha kulipatia kazi. Kila Alhamisi litajazwa riwaya na kupelekwa wodi ya wazazi, kwa binti yake, ili wanawake wanaosubiri uchungu wapate cha kusoma. "Sanduku litasafiri kama mlivyotaka," ameniambia. "Mimi nitakuwa nalisukuma tu. Na jioni nitarudi nalo nyumbani."

Baada ya hotuba, kiti kitaingizwa kwa mlango wa mbele. Si mlango wa nyuma, wala si korido ya choo. Mlinzi amesema funguo ni zake na mlango utakuwa wazi. Nawaomba wafanyakazi wenye nguvu wafike mapema, kwa sababu fotokopi ni nzito na lazima isogee. Kama kuna anayetaka kukizuia kiti hicho, namwomba asimame mlangoni, mbele ya wasomaji wote na mbele ya binti wa Mama Gundi, na aseme sababu yake kwa sauti.

Mkuu ameusoma wasifu huu kabla haujachapwa. Aliomba aya mbili zipunguzwe makali. Nimepunguza moja. Hakuomba ile ya kiti iondolewe.

Mama Gundi, tunakushukuru kwa migongo uliyoiunga na kwa magomvi yote ya dirisha. Tunakushukuru pia kwa rafu ambazo leo mtu anapita akitafuta jina la mwandishi, wala haoni alikotoka babu yake. Maisha mema, na uyaishi hapa hapa, nyuma ya kinyozi. Jumatatu tutafungua milango saa tatu kama kawaida. Ukifika ukamkuta mtu kwenye kiti chako, mwinue.